Kinyozi na Mshale Usioangaliwa

Kinyozi hakuwa mtu wa kulalamika. Mashine yake ikizimika katikati ya kichwa cha mteja, aliimalizia kazi kwa mkasi na kitana, huku akimtuliza mwenye kichwa kwa kisa cha mtu aliyewahi kunyolewa vibaya zaidi. Umeme ukikatika, alikisukuma kiti mpaka mlangoni akanyoa kwa mwanga wa jua, na wapita njia wakasimama kutoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Chumba chake kilikuwa na vioo viwili, kiti kimoja cha kuzunguka na benchi moja refu, na benchi hilo halikukosa watu. Nusu yao walikuwa wamenyoa juzi tu. Walikuja kuchota habari.

Lakini kila mtu ana mwiba wake, na mwiba wa Kinyozi ulikuwa nyumbani kwa wakwe zake. Si kwamba walimtesa. Afadhali wangemtesa. Walimheshimu mno. Akifika Jumapili na mkewe na mabinti zao wawili, kiti chenye mto kilikuwa chake, sahani yake ilipakuliwa kwanza, na akinyanyuka kwenda kuosha vyombo, watu watatu walimzuia kwa pamoja: kaa, kaa, utachoka bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na miaka tisa ya ndoa na jembe hajaliona.

Na jembe la nyumba ile lilikuwa upinde. Mama mkwe wake alikuwa mkunga mstaafu, ambaye mji mzima uliendelea kumwita Mkunga hata baada ya kuvua sare, na ndiye aliyekuwa kocha wa kilabu cha kulenga shabaha. Usifikirie uwindaji. Hakuna mnyama aliyewahi kudhurika pale isipokuwa kuku mmoja wa jirani, naye alipoteza manyoya mawili matatu tu na heshima yake. Nyuma ya ghala la zamani la saruji palikuwa na uwanja, na mwisho wa uwanja magunia yaliyoshindiliwa majani makavu, yamebandikwa karatasi zenye miduara: nyeupe kwa nje, kisha nyeusi, bluu, nyekundu, na katikati njano, ambayo ukiipata kati kwa kati unapewa kumi. Timu ya kilabu ilikuwa ya watu watatu, na kwa muda mrefu watatu hao walitoka nyumba moja: mke wa Kinyozi, ambaye siku za kazi alikatisha tiketi stesheni, kaka yake, fundi wa majokofu, na mjomba wao.

Wakikaa mezani walizungumza upepo, bega, kamba na kidevu, wakicheka mambo ambayo Kinyozi aliyacheka baada ya wenzake kumaliza. Uwanjani alikuwa akienda, ndiyo. Upinde alikuwa nao, alipewa na mkewe. Lakini alipigia pembeni kabisa, pamoja na wanaojifunza, na kazi yake kubwa ilikuwa kushika chupa za maji za wenzake.

Kisha bega la mjomba likagoma. Daktari alimwambia achague kati ya upinde na kuvaa shati mwenyewe, na mjomba, baada ya kufikiria muda mrefu kuliko daktari alivyotarajia, akachagua shati. Nafasi ya tatu ikawa wazi. Mkunga akatangaza mchujo: atakayepata alama nyingi, awe nani awe nani, ataingia kwenye timu.

"Mimi nitajaribu," Kinyozi alimwambia mkewe jioni hiyo. Alikuwa akikunja mashuka ya kufunikia wateja, na alisema bila kuinua uso.

Mkewe hakucheka, na kwa hilo Mungu ambariki. "Fundi Rangi naye anaitaka hiyo nafasi," alisema. "Yule mkono wake hautikisiki. Anapaka fremu za madirisha bila kugusa kioo."

"Najua."

"Na wewe ukimwona mama tu, unapiga ukuta wa ghala."

"Hilo nalo najua."

"Basi mwambie akufundishe."

"Mbona ananifundisha."

"Hakufundishi, baba watoto. Anakuamkia."

Ilikuwa kweli tupu. Wanafunzi wengine wote walikuwa wakipata haki yao kutoka kwa Mkunga. Fundi Rangi akiinua bega, aliulizwa kama bega hilo ni lake au ameazima. Mwanawe wa kumzaa, fundi wa majokofu, aliwahi kuambiwa mbele ya watu kwamba amesimama kama anayesubiri choo. Lakini ikifika zamu ya Kinyozi, sauti ya bibi yule ilishuka ikawa ya sebuleni. "Si haba, mkwe wangu. Umejitahidi. Pumzika kidogo, baba, na jua hili." Na mishale ya Kinyozi ilikuwa imetawanyika kwenye gunia kama punje zilizomwagika, mmoja juu, mmoja chini, mmoja hauonekani.

Kilichomkera zaidi ni kwamba akiwa peke yake alipiga vizuri. Alfajiri, kabla ya kufungua duka, alipitia uwanjani akapiga nyekundu, akapiga njano, akatazama huku na huku asione hata shahidi mmoja. Mama mkwe akisimama nyuma yake, kila kitu kilimtoka. Na utamwambiaje mama wa mkeo akushike bega akusukume? Utamwambiaje akufokee? Heshima ni kitu kizuri, lakini haijawahi kumfundisha mtu kulenga.

Akaamua kujifundisha mwenyewe. Dukani, wateja wakipungua, alisimama mbele ya kioo, akashika mpini wa ufagio kama upinde, akavuta kamba isiyokuwepo. Kosa kubwa. Benchi zima liligeuka makocha. Mmoja alimwambia apanue miguu, mwingine aifunge, wa tatu, ambaye hajawahi kushika upinde tangu azaliwe, alimwonyesha namna ya kubana tumbo. Kwa wiki nzima alipiga vibaya kuliko zamani, hata alipokuwa peke yake.

"Kinyozi hajinyoi," mkewe alimwambia, na akanyamaza kama mtu mwenye mpango.

Kama alihusika na yaliyofuata, mpaka leo hajakiri. Asubuhi moja Mkunga alitokea mlangoni pa duka. Kwenye benchi watu waliketi wima. Mmoja alikumbuka ghafla ana safari, akaondoka. Karibu nusu ya waliokuwepo walikuwa wamepokelewa duniani na mikono ya mama huyu, na mbele ya mtu wa aina hiyo huwezi kukaa umenyoosha miguu.

"Aliyekuwa akinipunguza nywele amehama," Mkunga alisema. "Nimeona nisitafute mbali."

Akaketi kwenye kiti. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, zimeanza kuziba masikio. Kinyozi alimfunga shuka shingoni kwa uangalifu wa mtu anayefunika yai, kisha akasimama nyuma yake mikono ikining'inia. Kichwa cha mama mkwe. Alikuwa amenyoa wakubwa na wadogo, wagonjwa kitandani, bwana harusi mmoja aliyekuwa akilia, lakini mikono yake ilikataa kunyanyuka.

"Kwani siku hizi unanyoa kwa macho?" Mkunga alimuuliza kwenye kioo.

Akawasha mashine. Mwanzo aliigusisha nywele kwa mbali, kama anayeomba ruhusa kwa kila unywele. Lakini kazi ni kazi, na mkono uliozoea haukumbuki ukwe kwa muda mrefu. Alipofika nyuma ya sikio, mama alikuwa akisimulia habari za bomba lililopasuka nyumbani kwake, kichwa kikienda na kurudi pamoja na hadithi.

"Inamisha kichwa, mama," Kinyozi alisema. "Zaidi. Na usizungumze kwanza, nitakutoboa sikio."

Watu kwenye benchi walitazamana. Kinyozi mwenyewe alisikia alichosema kikiwa kimeshatoka. Lakini Mkunga aliinamisha kichwa na akanyamaza, mtiifu kabisa, na shingo yake ikatulia mikononi mwa mkwewe. Alipoagizwa kukiinua, alikiinua. Alipogeuzwa uso kwa kidole kimoja kidevuni, aligeuka. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kuzungumza, alibaki na kazi moja tu, kutazama kioo.

"Hebu rudia hapo," alisema baadaye.

"Nimekukata?"

"Hujanikata. Rudia ulichofanya sasa hivi."

Kinyozi alipitisha mashine tena juu ya sikio.

"Hicho kichwa chako," Mkunga alisema. "Mashine haijatoka kwenye nywele, wewe umeshakirudisha kichwa nyuma kuangalia imekaaje."

"Nafanya hivyo?"

"Anafanya hivyo tangu alipofungua duka," mzee mmoja alisema kutoka kwenye benchi. "Sisi tulidhani ni madaha."

Mkunga akanyanyuka. Upande mmoja umenyolewa, mwingine bado, shuka likiburuzika, alisimama katikati ya duka akanyoosha mkono wa kushoto na kuvuta wa kulia mpaka chini ya kidevu. "Sikia. Unasimama vizuri. Unavuta vizuri. Unalenga vizuri kuliko hata mwanangu. Halafu mshale haujaondoka kwenye kamba, wewe umeshachungulia umefika wapi. Kichwa kikienda nyuma, mkono unakwenda kando. Mshale nao unafuata mkono, ungefanya nini kingine?" Akashusha mikono. "Ukiwa peke yako huna haraka ya kujua. Nikiwepo mimi, unataka kujua upesi nimeonaje."

Hilo la mwisho lilimgusa Kinyozi mahali penyewe. Ilibidi azime mashine.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii, mama?"

"Sikuona. Nilikuwa nautazama mshale wako. Wewe nilikuwa sikutazami, utamkodoleaje mkweo macho?" Alirudi kwenye kiti, akajikung'uta nywele begani. "Sasa tukubaliane. Kwenye kiti hiki umeniambia ninyamaze, nimenyamaza. Kule kwenye mstari itakuwa zamu yangu, na huko sina mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Basi nimalizie, nisirudi nyumbani na upande mmoja."

Kuanzia wiki hiyo Kinyozi alipata haki yake kama wengine. Jambo la kwanza, Mkunga alimnyang'anya shabaha. Alibandua karatasi, akamsimamisha mbele ya gunia tupu, karibu kiasi cha kuona aibu, na akamwambia apige hapo mpaka amwambie basi. Hakukuwa na duara la kuchungulia, hakukuwa na alama za kujua. Fundi Rangi na wenzake walikuwa wakipiga kwa mbali, wakishangilia kumi zao, na Kinyozi alikuwa pale anachoma gunia kama mtu anayeligombeza. Akimaliza kupiga alitakiwa kubaki vile vile, mkono chini ya sikio, kichwa palepale, mpaka asikie mshale umegota. Mkunga aliweka kiganja chake kisogoni mwa Kinyozi, na kila kichwa kilipotaka kurudi nyuma kilikutana na kiganja.

"We, unatafuta nini huko? Mshale ukishaondoka si wako."

"Nimezoea, mama."

"Zoea kingine. Na usiuchomoe kwenye kamba. Mtoto hachomolewi, na mshale hauchomolewi. Unavuta, unatulia, saa yake ikifika unakuja wenyewe."

Alirudi nyumbani vidole vimevimba na uso umechangamka. "Leo ameniambia kichwa changu ni kama kifuniko cha sufuria inayochemka," alimwambia mkewe, na alisema kwa fahari ya mtu aliyepandishwa cheo. Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Mabinti walitaka kujua kwa nini baba anafurahi kutukanwa na bibi, na hakuna aliyeweza kuwaeleza.

Dukani aliruhusiwa kuendelea kuchungulia. Kinyozi asiyeangalia kazi yake hana maisha marefu katika biashara, na Mkunga alilitambua hilo. Lakini kwenye mstari kichwa kilianza kutulia, siku moja vizuri, siku mbili vibaya, kisha siku nne vizuri. Siku karatasi iliporudishwa, mishale yake yote ilipiga kushoto, kwenye bluu, lakini ilikaa pamoja kama ndugu waliogombana na bado wanalala chumba kimoja. Kinyozi alisikitika. Mkunga alifurahi waziwazi, kwa mara ya kwanza, akasema mishale inayokosea pamoja husikia ikielekezwa. Akamsogeza mguu wa nyuma kidogo tu, upana wa kidole. Mishale ikahamia kwenye nyekundu, na mmoja kwenye njano.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka mpaka mwisho. Jumamosi ya mwisho kabla ya mchujo, Fundi Rangi alikuja kusimama karibu, bila ubaya wowote, mtu mwema yule, anataka tu kuona mwenzake amefikia wapi. Kinyozi akachungulia. Akachungulia tena. Mshale wa tatu uligonga ukuta wa ghala kwa mlio ambao kila mtu uwanjani aliufahamu. Alishusha upinde akamfuata kocha wake.

"Nimefikiri, mama. Mwaka huu niache. Labda mwakani nitakuwa tayari."

Mkunga alimtazama kwa utulivu. "Nimezalisha watu maisha yangu yote," alisema. "Wengi walifika wakiogopa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nimebadili nia, narudi nyumbani." Akamgeuza kwa mabega, kama anavyogeuzwa mtoto, akamwelekeza kwenye mstari. "Ulipiga vibaya kwa sababu unayoijua. Zamani ulipiga vibaya usijue kwa nini. Nenda kapige mitatu mingine."

Akapiga mitatu mingine. Ilikaa vizuri. Usiku huo alilala.

Siku ya mchujo uwanja ulijaa kuliko kawaida, kwa sababu benchi zima la kinyozi lilikuwa limehamia pale, limeketi juu ya matofali, linajadili upepo kama wataalamu. Waliojiandikisha walikuwa watano, lakini ilipofika katikati wote walijua ni habari ya wawili. Sheria ilikuwa rahisi: kocha hamfundishi mtu siku ya mchujo. Kazi ya Mkunga ilikuwa kusimama nyuma ya mstari na darubini yake, kwa sababu kwa umbali ule macho matupu hayatofautishi nane na kumi, na kutangaza alama ya kila mshale. Alitangaza kwa sauti moja tu, ile ya hospitali, isiyomwambia mtu kama ni heri au ni shari.

Fundi Rangi alikuwa kama mke wa Kinyozi alivyosema. Mkono hautikisiki. Tisa, nane, tisa, tisa. Kinyozi alimfuata kwa karibu, akiachwa hatua, akifika, akiachwa tena. Kati ya mshale na mshale hakugeuka kumtazama mama mkwe. Alitamani, shingo yote ilitamani, lakini alitazama mbele na kusubiri sauti. Nane. Tisa. Kumi, na benchi likasahau adabu kidogo. Tisa.

Fundi Rangi alimaliza, akapiga tisa ya mwisho, akarudi nyuma akipangusa vidole. Kinyozi alibaki na mshale mmoja. Shemeji yake, fundi wa majokofu, alijumlisha kwa midomo bila sauti na kumwonyesha dada yake vidole tisa. Akipata tisa, nafasi ni yake. Akipata nane, watalingana na kuanza upya, na kila mtu alijua nani ana mkono wa kuanza upya. Akipata chini ya hapo, atarudi kushika chupa za maji.

Kinyozi hakujua hesabu hiyo, na ilikuwa heri. Alisimama, akapanga miguu, akainua upinde, akavuta mpaka kamba ikamgusa kidevu. Hapo kwa kawaida ndipo hofu ilipomshukia, nayo ilikuja, aliisikia ikija. Akaiacha ikae. Aliendelea kuvuta polepole, akitazama njano tu, hakuchomoa kitu, na mshale ukaondoka kabla hajauamuru. Mkono wake ulibaki chini ya sikio. Kichwa chake kilibaki palepale. Alisikia mgoto kwa mbali, na bado hakusogea, alisubiri sauti ya hospitali imwambie.

Sauti haikuja.

"Mama?" aliuliza, akiwa bado ametazama mbele.

Akashusha upinde.

"Umefika wapi, mama?"

Akageuka. Mkunga alikuwa ameikumbatia darubini kifuani kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamefumbwa, yamebanwa kabisa mpaka makunyanzi yamekutana.

"Sijui," alisema, na hata hapo hakuyafumbua. "Sijaona."

Fundi wa majokofu ndiye aliyemchukulia darubini. Alitazama kwa muda mrefu, kwa makusudi, kwa sababu ni mtu anayependa utani hata msibani. Kisha akasema, "Tisa." Akatazama tena. "Tisa, na si ya kubahatisha."

Benchi lilivamia uwanja. Fundi Rangi alikuwa wa kwanza kumpa Kinyozi mkono, akamwambia ameshindwa kwa haki na kwamba Jumatatu atakuja kunyoa, asipandishe bei kwa ajili ya umaarufu. Watu walimpiga Kinyozi mgongoni. Yeye aliitikia, akatabasamu, akashukuru, lakini jicho lake lilikuwa kwa mama mkwe, aliyekuwa amegeuka upande akijifanya anafuta vioo vya darubini. Alimvuta mkewe kando.

"Kwa nini mama alifumba macho?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Alijua nitakosa?"

Mkewe alimshangaa, kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

"Mama hafumbi mtu akikosa," alisema. "Fundi Rangi si umesikia alivyomtangazia mpaka mshale wa mwisho? Hata wako, miaka yote hii, aliutazama mpaka ulipotua. Anafumba tukipiga sisi, mimi na kaka, pale pakiwa pagumu. Tangu tukiwa wadogo. Hawezi kumwangalia mwanawe."

Kinyozi alisimama pale, upinde mkononi, akasahau kwenda kuuchomoa mshale wake.